Jinsi ya kupima mtikisiko unaofifia ukiwa na uzi, sumaku ya spika na sufuria

Kuna siku nilikuwa saiti kwa jamaa yangu, fundi anapiga timazi kwenye kona ya ukuta, upepo ni ule wa kawaida tu lakini timazi inayumba kushoto kulia haitaki kutulia, fundi kasubiri wee mpaka kachoka, akamgeukia kibarua.

"Dogo, lete ndoo ya maji."

"Ya nini tena fundi, si zege tumeshamaliza?"

"We lete, maswali baadaye."

Ndoo ikaja, akaisogeza chini ya timazi mpaka kile chuma kikazama chote ndani ya maji, uzi ukabaki juu. Ikayumba mara tatu nne hivi, kimya. Akapima, akaendelea na tofali zake. Mimi nimebaki nacheka mwenyewe, maana nilisoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), nimekariri ile fomula ya mtikisiko unaofifia mpaka naiota usiku, na hakuna siku mtu aliniambia kwamba fomula yote ile ni ndoo ya fundi.

Sasa wadogo zangu mnaosoma fizikia, na hata wewe uliyemaliza zamani ila unapenda kuelewa vitu, hapa nawawekea jinsi ya kuufanya huu mchezo nyumbani na kupata namba za kweli. Na nia sio tu kuona kitu kinayumba halafu kinatulia, hilo hata mtoto anaona kwenye bembea. Nia ni kumkamata mwizi. Kitu kinachoyumba kina nguvu yake (nishati), na kama inapungua basi kuna anayeila, na namna inavyopungua inakwambia mwizi ni yupi. Hiyo ndo sehemu tamu na ndo sehemu vitabu vingi vinairuka.

Unachohitaji

Uzi usiovutika, mshipi wa kuvulia samaki ule mgumu unafaa. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ile ya duara nzito, mafundi redio wanazo zimejaa kwenye makopo. Sufuria la aluminiamu lenye kitako kipana, sentimita 30 hivi, lile la kupikia wali wa familia nzima, na ukubaliane kwanza na mama kabla hujaligeuza juu chini. Rula, simu yenye kamera, daftari, na kalkuleta yenye kitufe cha ln (logi asilia). Basi.

Kabla ya yote gusisha sumaku kwenye sufuria. Ikinasa, hilo sio aluminiamu, tafuta lingine. Isiponasa kabisa endelea nalo, na hapo jiulize kitu kimoja ukiwa unaendelea: kitu kisichonasa sumaku kitaizuiaje?

Hatua ya kwanza, kuning'iniza

Funga uzi kwenye kenchi au boriti isiyocheza. Nasisitiza isiyocheza, maana ukifunga kwenye fimbo ya pazia ile fimbo nayo itatikisika na kula nguvu kimyakimya halafu utailaumu hewa. Kikulacho ki nguoni mwako. Usiufunge fundo likae linazunguka kwenye msumari, ubane uzi katikati ya vipande viwili vya mbao ili mahali unapoanzia kuyumba pawe palepale tu pasihamehame.

Halafu tumia nyuzi mbili zinazoshuka kama herufi V, sio uzi mmoja. Uzi mmoja utaanza kwenda mbele na nyuma vizuri lakini baada ya raundi kumi utaona sumaku inachora yai, na ukishachora yai vipimo vyote vimeharibika. Mimi mara ya kwanza nilipoteza jioni nzima kwa hilo yai.

Sumaku ilale bapa, uso wake uangalie chini. Pima kutoka pale ulipobana wima mpaka katikati ya sumaku iwe mita 1 kamili (wima, usipime ukifuata uzi maana uzi umelala kimshazari). Kwa mita 1 raundi moja, yaani kwenda na kurudi, inachukua sekunde 2.01. Piga raundi 20 kwa saa ya simu, ukipata kama sekunde 40 uko sawa. Ukipata 20 basi umehesabu kwenda peke yake kuwa raundi, na hilo kosa linawapata wengi kuliko mnavyofikiri.

Hatua ya pili, bila sufuria

Laza rula chini ya sumaku, sifuri iwe pale sumaku inapotulia. Vuta sentimita 8 pembeni na uachie, usisukume. Kwanini 8 na sio 40? Kwa sababu hesabu ya kuyumba inanyooka pembe ikiwa ndogo tu, na kwa mita 1 sentimita 8 ni chini ya digrii 5, hapo uko salama.

Simu iweke juu ya kitu, kamera ilingane na rula, rekodi video. Usijaribu kusoma kwa macho huku sumaku inapita, utadanganyika. Kwenye video unasimamisha kila inapofika mwisho wa upande uleule mmoja na kusoma imefika sentimita ngapi. Huo umbali kutoka katikati mpaka mwisho nitauita upeo.

Bila sufuria utakaa sana. Sumaku ni nzito, hewa haina ubavu, na upeo utapungua pole pole mno, raundi 10 zinapita unaona tofauti ndogo tu. Andika hivyohivyo, hii ndo hali ya msingi ya kulinganishia.

Hatua ya tatu, leta sufuria

Geuza sufuria kitako juu, lisogeze chini ya sumaku mpaka ibaki nafasi ndogo, nusu sentimita mpaka sentimita moja, isiguse. Vuta tena 8, achia.

Ukiona kwa mara ya kwanza unaweza kusema kuna uchawi. Hakuna kinachogusana, sufuria halinasi sumaku, lakini sumaku inayumba kama inapita kwenye asali. Kinachotokea ni kwamba sumaku ikipita juu ya aluminiamu inazalisha mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya bati, na ile mikondo inatengeneza usumaku wake unaopinga mwendo uliouzaa, hiyo ndo kanuni ya Lenz mliyokariri. Sumaku ikisimama, mikondo nayo inakufa, ndo maana ukiiweka tu haisikii chochote. Nguvu iliyopotea imeenda kuwa joto kwenye sufuria, dogo sana huwezi kulihisi kwa kidole.

Kama umewahi kuona mita za umeme za zamani kabla ya Luku, zile zenye kisahani cha aluminiamu kinachozunguka nyuma ya kioo, ndani yake kuna sumaku inafanya kazi hiihii ya breki. Na mizani ya maabara yenye mikono mitatu, ule ulimi wa aluminiamu unaopita katikati ya sumaku pale mwishoni, ni huohuo mchezo, bila hivyo ungekaa nusu saa unasubiri mshale utulie.

Mimi napenda sumaku kuliko maji kwa sababu moja kubwa: breki ya sumaku inalingana sawasawa na mwendo kasi. Mwendo ukiwa mara mbili, breki nayo mara mbili. Na hiyo ndo dhana iliyoko kwenye fomula ya kitabu, ile −bv (v ni kasi, b ni ukali wa breki). Maji hayafuati hivyo, tutafika huko.

Hatua ya nne, namba

Tuseme daftari limesoma hivi, kuanzia ulipoachia na kila raundi moja: 8.0, 6.6, 5.4, 4.4, 3.6, 3.0.

Usikimbilie kutoa, gawanya. 6.6 kwa 8.0 ni 0.82 na ushee. 5.4 kwa 6.6 ni 0.82. 4.4 kwa 5.4 ni 0.81. Unaona? Kila raundi inabaki asilimia 82 ya ile iliyotangulia. Haipungui sentimita zilezile, inapungua sehemu ileile. Hiyo ndo alama ya vidole ya breki inayolingana na kasi, na hiyo ndo maana yote ya lile e la kwenye fomula lenye alama ya kutoa kichwani linalowatisha watu.

Sasa bonyeza ln kwa kila upeo: 2.08, 1.89, 1.69, 1.48, 1.28, 1.10. Chora grafu, ln juu na namba ya raundi chini. Inanyooka kama rula. Mteremko wake ni (2.08 − 1.10) ÷ 5, sawa na 0.196. Hiyo namba tuiite delta, na ukiwa nayo hiyo moja tu unazo zote:

Gama, yaani kasi ya kufifia, ni delta gawanya kwa muda wa raundi: 0.196 ÷ 2.01 = 0.098 kwa sekunde. Ukigeuza, 1 ÷ 0.098 ni sekunde 10 na kidogo, maana yake kila sekunde kumi upeo unabaki kama theluthi moja na kidogo ya ulivyokuwa.

Namba ya Q ni pai gawanya kwa delta, 3.14 ÷ 0.196 = 16. Q kubwa maana yake kitu hakitaki kutulia, ndogo maana yake kinatulia haraka.

Zeta, kipimo cha breki ikilinganishwa na kuyumba, ni delta gawanya kwa pai mbili, 0.196 ÷ 6.28 = 0.031. Hii ishike mkononi tutaihitaji kwenye shokapu.

Na kama umepima uzito wa sumaku dukani ukapata gramu 400, b yenyewe ni 2 × 0.4 × 0.098 = 0.078. Umeipima breki ya sufuria la wali kwa namba, hongera.

Kuhusu nguvu kumbuka inaenda na upeo mara upeo, kwahiyo 0.82 mara 0.82 ni 0.67, yaani kila raundi moja sufuria limekula theluthi moja ya nguvu iliyokuwepo. Theluthi! Kwa macho unaona sumaku imepungua kidogo tu kumbe imeshaibiwa hivyo.

Halafu kuna jambo linaniudhi kwenye vitabu. Wanatumia ukurasa mzima kukwambia kwamba kufifia kunarefusha muda wa raundi, na kweli kunarefusha, lakini piga hesabu uone: kwa zeta ya 0.031 muda unaongezeka kama sehemu 5 tu katika 10,000. Kwa raundi ya sekunde 2 hiyo ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, kidole chako kwenye saa ya simu kinakosea zaidi ya hapo mara mia. Ili muda urefuke hata asilimia 1 unahitaji zeta ya 0.14, na hapo kila raundi inabaki asilimia 41 tu ya upeo, raundi ya tano ikifika hakuna cha kuhesabu tena, sumaku imeshalala. Kwahiyo mtu akikwambia ameiona hiyo tofauti kwa saa ya mkononi, mwambie arudie.

Hatua ya tano, mwizi ni yupi

Hapa ndo pa kukaa. Toa sufuria, badilisha sumaku na kitu kingine, badilisha mazingira, na kila mara uliza daftari maswali matatu.

Je, inabaki sehemu ileile kila raundi, ln ikinyooka? Mwizi ni breki ya kulingana na kasi: sumaku na aluminiamu, au mafuta mazito kitu kikienda pole pole.

Je, inapungua sentimita zilezile kila raundi, mfano 8, 7, 6, 5, 4 halafu ghafla imekwama kabla hata ya kufika katikati? Huyo ni msuguano mkavu, kitu kinasuguana na kitu. Jaribu kuachia uzi usugue ukingo wa mbao utamuona. Huyu mwizi hana adabu, anaiba kiasi kilekile kwa tajiri na kwa maskini, ndo maana mwisho anakimaliza kitu kabisa wakati wale wengine kwa hesabu hawamalizi.

Je, mwanzoni inaporomoka kwa fujo halafu baadaye inasuasua, ln ikipinda? Chukua 1 gawanya kwa upeo, chora hiyo. Ikinyooka, mwizi ni msukumo wa maji au hewa unaokwenda na kasi mara kasi. Chupa tupu ya plastiki ukiining'iniza itakuonyesha hii vizuri kwa sababu ni nyepesi na ina kifua kipana.

Mara nyingi utakuta wezi wawili wanafanya kazi pamoja, mmoja mwanzoni upeo ukiwa mkubwa na mwingine mwishoni. Grafu inapinda juu halafu inanyooka chini. Usiifute, hiyo ndo data nzuri kuliko zote.

Hatua ya sita, rudi kwenye ndoo ya fundi

Ning'iniza kipande cha chuma kizame kwenye maji. Kinatulia haraka, sawa, lakini ln haitanyooka. Kitu cha sentimita tatu kikipita majini kwa sentimita 25 kwa sekunde kinavuruga maji na kuacha vimbunga vidogo nyuma yake, na hapo breki inafuata kasi mara kasi. Ndo maana timazi ya fundi inatulia upesi ikiyumba sana lakini ile mitetemo midogo ya mwisho inabaki inacheza. Wanaofanya kazi za vipimo vikali huizamisha kwenye mafuta badala ya maji, mafuta yanashughulika na ile midogo pia.

Na kuna mtego hapa umewanasa wengi. Ukipima muda wa raundi ndani ya maji utakuta umerefuka kweli, kwa mpira wa chuma ni kama asilimia 10, kutoka sekunde 2.01 mpaka 2.2 hivi. Mwanafunzi anafurahi, anaandika "kufifia kumerefusha muda kama kitabu kilivyosema". Hapana dogo. Maji yanakinyanyua kile chuma, kwahiyo uzito unaokirudisha katikati umepungua, na juu yake chuma kikitembea kinaburuta maji ya pembeni kwahiyo ni kama kimeongezeka uzito wa kusukuma. Vitu viwili hivyo ndo vimerefusha muda, kufifia kumechangia kidogo tu.

Hatua ya saba, ipeleke barabarani

Shokapu ni hii hesabu tupu: springi inarudisha, mafuta ndani ya shokapu yanakula nguvu. Hapa kuna mpaka mmoja muhimu. Zeta ikiwa chini ya 1 kitu kinavuka katikati na kurudi, kinacheza. Ikiwa juu ya 1 hakichezi lakini kinarudi kwa uvivu kama mlango wa ofisi uliokazwa sana. Ikiwa 1 kamili kinarudi haraka kadri inavyowezekana bila kuvuka. Wengi wanadhani gari zuri lina zeta ya 1, lakini likiwa hivyo kila kokoto utalihisi kiunoni, kwahiyo gari za kawaida zinawekwa chini zaidi, karibu na 0.2 mpaka 0.4.

Jaribio lake ni dakika moja. Simama kwenye kona ya gari, egemea kwa nguvu mpaka ishuke, achia. Ikipanda, ikashuka kidogo, ikatulia, shokapu nzima. Ikiendelea kupanda na kushuka mara tatu nne kama daladala ya mwisho usiku, mafuta yamevuja, b imekwisha.

Na kwenye bodaboda kuna kingine. Zeta ni b gawanya kwa mara mbili ya kipeuo cha k mara m (k ni ugumu wa springi, m ni uzito uliobebwa). Shokapu ni ileile, springi ileile, lakini mkipanda mshikaki watu watatu m imepanda na zeta imeshuka yenyewe. Ndo maana pikipiki ile iliyokuwa imetulia na dereva peke yake ikibeba watatu inaanza kudunda kwenye tuta hata kama mpya. Fundi hana kosa, hesabu ndo ilivyo.

Kama unataka kuona timazi kubwa kuliko zote hizi, kule Taiwan ndani ya jengo la Taipei 101 wamening'iniza mpira wa chuma wa tani 660 kuanzia ghorofa ya 92 ukashuka mpaka ya 87, na chini yake wameweka shokapu kubwa za mafuta. Jengo likisukumwa na upepo, mpira unabaki nyuma, shokapu zinakandamizwa, nguvu ya jengo inaishia kuwa joto kwenye mafuta. Agosti 2015 kimbunga Soudelor kilipopita ule mpira uliyumba mpaka mita moja.

Mambo madogo kabla hujaanza

Simu usiisogeze karibu na sumaku ya spika, dira yake itachanganyikiwa. Kuna programu ya bure inaitwa phyphox ya chuo kikuu cha RWTH Aachen Ujerumani, inasoma mtikisiko kwa vihisi vya simu na kukuchorea grafu palepale, nzuri sana, ila kama utaining'iniza simu yenyewe basi tandika godoro chini. Kioo changu kilipasuka kwa ajili ya sayansi na hakuna aliyenirudishia hela.

Feni zimwa, dirisha fungwa. Kila jaribio lirudie mara tatu. Na ukibadilisha nafasi kati ya sumaku na sufuria badilisha hiyo tu, usiguse urefu wa uzi. Pima kwa nusu sentimita, halafu moja, halafu mbili, andika delta ya kila moja, utashangaa inavyoporomoka haraka ukiongeza nafasi kidogo tu.

Sufuria ukimaliza lioshe kabla ya kulirudisha.